Shushushu Hajaona Kitu

Kazini wananiita Pilipili, na sioni aibu. Mtu akiniletea upuuzi namwambia ni upuuzi, na akiuleta kwenye karatasi yenye nembo ya kampuni namwambia ni upuuzi wenye nembo. Kwa hiyo haya nayasimulia kwa hasira. Ukitaka msimulizi mpole, tuna afisa uhusiano pale ofisini, mfuate yeye, atakupa na kalenda.

Tunatengeneza mashine za kupumulia. Siyo zile kubwa za chumba cha upasuaji. Hizi mgonjwa anakaa nazo nyumbani, kimo chake kama ndoo ya kufulia, zinavuta hewa ya chumbani, zinaichuja na kumpa oksijeni kupitia mpira mwembamba wa puani. Wenzangu wanashughulika na pampu, vichujio, na yale magurudumu ya chini ambayo kila toleo jipya hubadilishwa rangi. Kazi yangu mimi haionekani. Mimi ni mtu wa kiini, yaani ile programu ya chini kabisa ndani ya mashine, ambayo programu nyingine zote zimepanda mgongoni mwake. Kiini ndicho kinachoamua nani afanye kazi sasa, nani asubiri, nani ashike nini. Kikienda vizuri hakuna anayejua kama kipo. Kikiganda, kila kitu kinaganda nacho, pamoja na king'ora cha kukwambia kwamba mashine imeganda.

Na kilikuwa kinaganda. Si mara kwa mara, ila kilikuwa kinaganda, na mimi nililijua hilo kwa sababu ya mama mkwe wangu.

Mama mkwe alifanya kazi kiwanda cha saruji mpaka mapafu yakasema basi. Daktari alipoandika kwamba sasa anahitaji oksijeni ya nyumbani, nikaomba ofisini wanipe moja ya mashine za majaribio, nikaisukuma mwenyewe mpaka chumbani kwake. Mume wangu ni dereva wa malori ya safari ndefu, nyumbani anapita kama mgeni wa harusi, anakula na kuondoka. Kwa hiyo nyumba ni mimi na mama, na mchana ni mama peke yake na ile mashine. Nilimfundisha: ikinyamaza, fungua mtungi mdogo ulio kando ya kitanda, hamishia mpira huko, kisha nipigie.

Akawa ananipigia.

"Mwanangu, kitu chako kimelala tena."

Hajawahi kuiita mashine. Ni kitu changu. Ikifanya kazi, Mungu mkubwa. Ikilala, ni kitu changu. Nami natoka ofisini mbio, maana ni mtaa wa pili tu, kiatu kimoja kimefungwa na kingine hakijafungwa, nafika natweta kuliko mgonjwa. Nakuta mashine imeshazimwa na kuwashwa upya, inanguruma vizuri kama haijui kitu. Naichomekea waya wa laptopu yangu na kumwamsha Shushushu.

Nikueleze huyu Shushushu ni nani, maana bila yeye hakuna kisa. Ni chombo cha kufuatilia nyayo, alikiandika mwenzangu mmoja mwenye sauti ya chini tunayemwita Polepole. Unakiweka ndani ya kiini kinakaa kimya pembeni, na kila kazi inayoingia, inayotoka, inayoshika kitu au kukiachia, chenyewe kinakutaarifu: fulani kaingia, fulani kashika hiki, fulani anangoja kile. Mashine ikifa, unasoma zile nyayo kinyumenyume mpaka unamkuta muuaji bado ana kisu mkononi. Ni chombo kizuri sana. Nasema hivyo tangu mwanzo ili mtu asinielewe vibaya baadaye.

Shida ni moja. Nikimwasha Shushushu, mashine haigandi. Nakaa pale, mama ananimiminia chai, ananieleza habari za jirani wa mbele na jirani wa nyuma, mimi macho kwenye nyayo, na mashine inanguruma tu, adabu tupu. Nikirudi ofisini, baada ya siku mbili tatu, simu.

"Kitu chako kimelala."

Mume wangu alicheka kwenye simu kutoka huko barabarani. "Mama anataka kampani tu. Mbona mimi nikiwepo haigandi?"

"Wewe ukiwepo umelala," nikamwambia. "Utajuaje nani mwingine kalala?"

Lakini lilinichoma. Usiniulize kwa nini. Nikaamua kuacha kungoja nyayo na kusoma programu yenyewe, mstari kwa mstari, kama mtu anayechambua mchele wenye mawe. Na nikaliona jiwe.

Nitalisema kwa lugha ya jikoni. Ndani ya kiini kuna kazi mbili: moja inapima hewa, nyingine inachora skrini. Zote mbili, ili zimalize shughuli yao, zinahitaji kisu na ubao wa kukatia, na jikoni kuna kisu kimoja na ubao mmoja. Mpima hewa anaanza kwa kuchukua kisu, kisha anautafuta ubao. Mchora skrini anaanza kwa ubao, kisha anakitafuta kisu. Siku nyingi hawakutani. Lakini ikitokea wameingia jikoni kwa pamoja, mmoja kashika kisu, mwenzake kashika ubao, kila mmoja anasimama kumngoja mwingine aachie. Hakuna anayeachia. Kitunguu kinakaa hapo mpaka kiyama, na mama mkwe wangu hapumui.

Sasa Shushushu akiwepo, kila mtu anayeingia jikoni anasimamishwa mlangoni kidogo ili aandikwe. Kidogo tu, kufumba na kufumbua ni kurefu zaidi. Lakini hicho kidogo kinatosha: mmoja anachelewa, mwenzake anakuwa ameshamaliza na kutoka. Hawakutani. Yaani kule kuangalia kwenyewe ndiko kunakoficha ugonjwa.

Dawa? Wote wawili waanze kuchukua kisu. Basi. Mistari miwili ya programu ibadilishane nafasi. Nilicheka peke yangu ofisini, nikaenda kwa Mkurugenzi nimebeba furaha yangu mikononi.

Ofisi ya Mkurugenzi ina meza ya kioo, feni inayozunguka taratibu, na ukutani bango kubwa alilolitunga mwenyewe: KISICHOPIMWA HAKIPO. Ameweka na kanuni ya kufuatana na bango: hakuna mtu kugusa kiini bila ushahidi wa nyayo. Kanuni yenyewe haikuwa mbaya. Kuna fundi mmoja zamani alirekebisha kwa hisia zake, mashine zikawa zinapuliza badala ya kuvuta.

"Mkurugenzi, nimeipata. Najua kwa nini zinaganda."

"Shushushu kasema nini?"

"Shushushu hajaona kitu."

"Basi hakuna kitu."

"Hajaona kwa sababu akiwepo haitokei. Nimesoma programu yenyewe, nikuonyeshe, ni mistari miwili..."

Akainua kiganja. Nikadhani anataka kufikiri. Kumbe alikuwa anapambazukiwa.

"Ngoja. Unaniambia Shushushu akiwepo mashine haigandi?"

"Ndiyo, ila..."

"Hata mara moja?"

"Mpaka sasa hata mara moja, ila hiyo ni..."

"Pilipili!" Akasimama, akanipa mkono. "Mmeitibu!"

Jamani. Nimewahi kumweleza mtoto wa chekechea kwa nini hawezi kuoa mwezi, na ilikuwa rahisi kuliko mazungumzo yaliyofuata. Nilimwambia kisu. Nilimwambia ubao. Nilimwambia kwamba kuacha chombo cha uchunguzi ndani ya mgonjwa na kukiita dawa ni sawa na daktari kukuachia kipimajoto mdomoni maisha yako yote. Nilimwambia siku yoyote Shushushu akizimwa, wale wawili watakutana jikoni. Akanisikiliza kwa upole wa mtu ambaye ameshaamua.

"Timu inayoshinda haibadilishwi," akasema. "Shushushu anabaki ndani. Toleo linatoka naye. Na wewe, pilipili usiyoila yakuwashia nini?"

"Pilipili ni mimi mwenyewe, Mkurugenzi. Na anayekula ni mama mkwe wangu."

Akacheka sana. Alidhani ni utani.

Wiki ile kulikuwa na keki. Polepole akapewa cheti chenye fremu, kimeandikwa kwa shukrani ya kuikomesha hitilafu. Alikishika kama mtu aliyekabidhiwa mtoto wa jirani. Nikamvuta kando kwenye korido, karibu na mtungi wa maji, maana kwetu mabadiliko ya kiini yanahitaji watu wawili wakubaliane, na mtu wa pili aliyekielewa kiini alikuwa yeye.

"Umeiona mistari miwili niliyokutumia?"

"Nimeiona," akasema kwa ile sauti yake ya kuazima.

"Nina makosa?"

"Huna."

"Basi nikubalie, nibadilishe, yaishe."

Akaangalia cheti chake. "Nikikubali kwamba hitilafu ipo, Shushushu si dawa tena. Anarudi kuwa chombo."

"Ndicho alichokuwa! Chombo! Chombo kizuri, umekiandika wewe, mkono wako mtamu, lakini chombo!"

"Mama yangu ameshakitundika sebuleni," akasema. "Nakala ya hiki. Wageni wanasomewa."

Nikamwacha na maji yake. Ningesema lolote zaidi ningekuja kulijutia.

Mkurugenzi akionja kitu kitamu hali kijiko kimoja. Kama macho yanaponya mashine, akasema kwenye kikao, yataponya na watu. Polepole akaagizwa aandike Shushushu wa wafanyakazi. Ikawa uko katikati ya kazi ngumu, umeshikilia mambo saba kichwani kama mtu aliyebeba mayai, kinachomoza kidirisha kwenye skrini: UNAFANYA NINI SASA HIVI? Usipojibu hakiondoki. Mara ya kwanza niliandika, "Najibu swali hili." Kikanishukuru. Mwisho wa mwezi ripoti ikatoka, ikaonekana shughuli iliyochukua muda mwingi kuliko zote katika kampuni nzima ni kujibu kidirisha. Mkurugenzi akatupongeza kwa kuwa watu wenye shughuli.

Nyumbani mama aliendelea kupiga simu, maana mashine yake ilikuwa bado na toleo la zamani lisilo na Shushushu. Niliiwekea Shushushu mwenyewe ili angalau ashushe pumzi, nikajisikia mnafiki. Kumbe na hilo lilinigeukia. Mkurugenzi akapata habari kwamba mama mkwe wangu anatumia mashine yetu, na tena tangu awekewe Shushushu hajapata tatizo, akaniita ofisini macho yanang'aa. Kulikuwa na hafla ya uzinduzi inakuja, wanunuzi kutoka hospitali mbalimbali, na alitaka mgonjwa halisi jukwaani.

Nikakataa kabla hajamaliza sentensi. Nikafika nyumbani nikamkuta mama ameshapigiwa simu na afisa uhusiano, ameshakubali, na anauliza gauni lake la kijani liko wapi.

"Mama, sitaki. Ile mashine mimi siiamini."

"Tangu nianze kuvuta hewa kwa mpira nimeona vitu viwili," akasema, "dari na wewe. Dari nimeichoka. Nitafutie gauni."

Basi nikaweka masharti. Shushushu asizimwe hata kwa bahati mbaya. Mtungi wa akiba uwe chini ya kiti cha mama. Na mimi niwe ukumbini karibu, siyo jikoni kupanga vikombe. Mkurugenzi akakubali yote, akanipigapiga begani. Mtu akikukubalia yote kwa haraka hivyo, ujue hajasikia hata moja.

Ukumbi ulikuwa umepambwa kwa vitambaa vya rangi ya magurudumu mapya. Mama alikaa jukwaani kwa gauni la kijani, mpira puani, mkoba mapajani, anawapungia watu asiowajua. Mashine kando yake. Laptopu iliwekwa kwenye meza ya msemaji, imeunganishwa na mashine na projekta, na nyuma yao skrini kubwa ukuta mzima ikionyesha kile kinachoonekana kwenye mashine: namba za oksijeni na uso wa kijani unaotabasamu. Hilo la kuichora skrini mara mbili, ndogo na kubwa, lilinitia wasiwasi nikiwa nimekaa mstari wa pili. Mchora skrini alikuwa anaingia jikoni mara nyingi kuliko siku zote.

Kwa ajili ya kuwakoga wageni, waliweka na Shushushu aonekane. Nyayo zilikuwa zinateremka upande mmoja wa skrini kubwa, mistari na mistari, fulani kaingia, fulani katoka. Wageni walivutiwa, maana kitu usichokielewa kikienda kasi kinaonekana cha maana. Mkurugenzi akapanda. Taa ya projekta ikamkuta, na nyayo zikaanza kumteremka usoni. Akasogea kulia, zikamfuata. Akasogea kushoto, akaingia kwenye tabasamu la kijani. Mpiga picha akashusha kamera, akamwashiria kwa mkono: hayo maandishi yanakupita usoni.

Mkurugenzi akamtazama Polepole aliyekuwa kakaa pembeni ya jukwaa, akafanya ishara ya kuzima. Polepole akanitazama mimi. Nikatikisa kichwa mpaka shingo ikalia. Polepole, Mungu ampe thawabu yake, hakunyanyuka. Basi Mkurugenzi akainama, akatafuta kwenye laptopu kitufe chenye jina la Shushushu, akakibonyeza kwa kidole chake mwenyewe. Nyayo zikatoweka. Akanyoosha tai.

Nikasimama. Afisa uhusiano akanidaka mkono wa nguo. "Ngoja amalize sentensi," akanong'ona.

"Huyu hajawahi kumaliza sentensi tangu nimjue! Niachie!"

Nikajichomoa. Nikawa napita katikati ya magoti ya watu, samahani, samahani, samahani shangazi, huku Mkurugenzi anasema, "Mabibi na mabwana, mashine hii haijapata kuganda, kwa sababu kampuni yetu ina macho," na ndipo nikausikia ule mngurumo unakatika. Watu wengine hawakusikia. Sauti ikikatika haisikiki, isipokuwa kwa mtu aliyekuwa anaisikiliza. King'ora kimya. Na kwenye skrini kubwa ule uso wa kijani ukabaki vilevile, umeganda unatabasamu, namba zote nzuri.

Mama akanyoosha mkono juu kama mwanafunzi. Mkurugenzi akadhani anataka kutoa shukrani, akatabasamu, akamshushia maiki mdomoni.

"Kitu chenu," mama akasema, akatafuta pumzi, "kimelala."

Ukumbi ukacheka kidogo, kwa adabu, wakidhani ni mzaha uliopangwa. Mimi nilikuwa nimeshapiga magoti chini ya kiti, nafungua mtungi, nahamisha mpira. Sikuwa fundi wa kiini wakati ule. Nilikuwa mtoto wa mtu. Nikasikia hewa inapita, nikaona kifua chake kinapanda, nikaegemeza kichwa changu kwenye goti lake mbele ya watu wote wale.

Mwanamke mmoja mnene mwenye saa imebanwa kifuani akapanda jukwaani bila kuitwa. Alikuwa muuguzi mkuu wa hospitali mojawapo, aliyekuja kununua. Hakuitazama skrini. Alishika mkono wa mama, akaangalia kucha, akaangalia midomo, akamwambia apumue taratibu. Halafu ndipo akamgeukia Mkurugenzi.

"Imeganda."

"Kwa sasa hatuwezi kuthibitisha hilo," Mkurugenzi akasema, na maiki ilikuwa bado wazi, ukumbi mzima ukasikia. "Kwa bahati mbaya Shushushu alikuwa amezimwa. Bila nyayo hatuna ushahidi kwamba kuna kilichotokea."

"Kazimwa na nani?"

Feni za ukumbini zikazunguka.

"Ushahidi mimi hapa," mama akasema, sasa pumzi zimemrudia na ulimi nao. "Wewe mwenye macho mengi ulikuwa unatazama kamera. Mimi ndiye niliyekuwa napumua, na nilipoacha kupumua niliona!"

Muuguzi mkuu akanitazama pale chini nilipopiga magoti. "Wewe unaonekana ulijua. Kurekebisha kunataka nini?"

"Mistari miwili ibadilishane nafasi."

"Na mbona haijabadilishwa?"

"Shushushu hajaona kitu."

Akatafakari hilo jibu, akaona halina kasoro, isipokuwa kwamba lote ni kasoro. "Kwetu wodini," akasema, "mgonjwa akisema hapumui hatumwambii akalete nyayo." Akachukua mkoba wake. "Ikishabadilishwa, nipigieni. Siyo yeye. Huyu aliyepiga magoti."

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Sisi tulinusurika kifo, tukaishia kuumbuliwa. Kesho yake kulikuwa na kikao, na usidhani Mkurugenzi alikiri. Mkubwa hakosei, kanuni ndiyo inayoboreshwa. Akatangaza kwamba kuanzia sasa, pamoja na ushahidi wa nyayo, utakubalika pia ushahidi wa mama mkwe, mradi awe jukwaani na wageni wawepo. Sitanii, imo kwenye kumbukumbu za kikao. Nikabadilisha mistari miwili. Polepole akakubali bila kusema neno, kisha akaenda nyumbani kwao akakiteremsha kile cheti sebuleni. Tukazijaribu mashine wiki nzima bila Shushushu, skrini zinachorwa kwa fujo zote, kazi zinagongana mlangoni, na hakuna iliyolala. Wateja wakaandikiwa kwamba uimara huu ni matunda ya uangalizi wa uongozi. Kidirisha cha wafanyakazi kikabaki.

Siku niliyoweka toleo jipya kwenye mashine ya mama ilikuwa alasiri tulivu. Nilichomeka waya, nikapakia, nikamwondoa Shushushu, nikasikiliza. Inanguruma. Mama alikuwa kitandani ameegemea mito, ananitazama kwa namna ambayo sikuizoea.

"Ndiyo imepona kabisa?"

"Kabisa, mama. Hailali tena."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Akakunjakunja ncha ya shuka. "Mwanangu, nikikwambia jambo utakasirika?"

"Nitakasirika. Niambie."

"Zile simu. Si zote ilikuwa imelala."

Nikaweka waya chini.

"Ile ya kwanza ililala kweli, haki ya Mungu, nilikiona kifo. Na ile ya siku ya mvua. Lakini zile nyingine..." Akaangalia dari, adui yake. "Nilikuwa naizima mwenyewe na kuiwasha. Unakuja mbio. Unakaa. Unakunywa chai na kompyuta yako mapajani, hunisikilizi vizuri lakini upo. Ulipomwacha Shushushu ndani nikaacha, nikijua ataniandika."

Loo! Mimi Pilipili, nimechezewa! Niligombana na mume wangu kwa ajili ya zile simu. Nilimfokea Mkurugenzi, nilimtia Polepole haya, nilikuwa tayari kuacha kazi, na nyingi kati yazo zilikuwa chai! Mume wangu, yule mlala hoi wa barabarani, alikuwa amesema kweli tupu, na hilo ndilo lililoniuma kuliko yote.

"Na ile ya jukwaani?" nikauliza.

"Ya jukwaani?" Mama akashtuka kwa dhati. "Ile ilikuwa kweli kabisa, mwanangu! Mimi mwenyewe nilishangaa."

Nikacheka. Nilitaka kukasirika, nilikuwa na haki ya kukasirika, lakini kicheko kilinishinda nguvu, nikacheka mpaka machozi, na mama akacheka mpaka nikamwambia aache, oksijeni inapotea bure. Tulipotulia, mashine ilikuwa bado inanguruma. Mama akaigeukia, akaitazama kama mtu anayemtazama mpangaji mpya.

"Sasa umeitengeneza," akasema taratibu. "Nitakuita kwa lipi?"

Nikavuta kiti, nikakisogeza mpaka kikagusa kitanda, nikamwambia anieleze habari ya yule jirani wa nyuma iliishaje. Kwenye laptopu kidirisha kikachomoza: UNAFANYA NINI SASA HIVI? Nikaandika, "Nimekaa na mama." Kikauliza kazi hiyo ina namba gani. Nikafunika laptopu, nikaiweka chini ya kitanda, karibu na mtungi.